Tairi la Tope Lilitoka Wapi? Historia Fupi kwa Wanaosafirisha Mazao Tarime na Serengeti

Masika yanakaribia, na wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: "Bwana shamba, ninunue tairi gani?" Mmoja ana pikipiki ya kubebea ndizi, mwingine ana pikapu ya mahindi, na wa tatu anatengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Nimeona niwajibu wote pamoja, ila nitaanzia mbali kidogo. Ukijua tairi fulani lilibuniwa kwa ajili ya ardhi gani, muuzaji hatakubabaisha kirahisi.

Nianze na kisa cha masika yaliyopita. Kijana mmoja alikuwa anatoa mahindi vijiji vya bonde la Mto Mara, upande wa Serengeti, kuyapeleka mnadani. Siku chache kabla alikuwa amenunua matairi manne ya mtumba yaliyoonekana karibu mapya. Aliambiwa ni ya tope kabisa, "tazama hata mlima umechorwa ubavuni." Mvua ilimkuta kwenye udongo mweusi. Baada ya mita chache uso wa matairi ulikuwa umejaa tope mpaka hukuona kashata hata moja, na gari likawa linazungusha magurudumu papo hapo huku likijichimbia. Gunia kumi zilibebwa kwa vichwa na migongo ya watu hadi kwenye barabara ya moramu, na mbili zikalowa. Malipo ya wabebaji yalimeza faida yote.

Nilikwenda kuyatazama matairi yale. Mlima ulikuwepo kweli, lakini ndani yake palikuwa na alama kama nyota yenye miale sita. Ile si nyota, ni chembe ya theluji. Kijana alikuwa amenunua matairi ya nchi za baridi kali ili apite kwenye tope la Mara.

Kabla ya tairi, mzigo ulikuwa kichwani

Watu wa huku tunajua kubeba. Kabla ya magari mazao yalisafiri kichwani, mgongoni na juu ya punda. Hata Wajerumani walipojenga ngome yao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, kazi zao za kila siku zilitegemea miguu ya wapagazi. Gurudumu lilipokuja lilikuwa na ahadi moja, kwamba litamtua binadamu mzigo. Kila linaposhindwa, mzigo unarudi kichwani, kama ulivyorudi kwa wale waliobeba gunia za yule kijana.

Tairi la upepo tunalolijua leo lilienea kwa kazi ya mtu wa fani iliyo jirani na yangu. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyefanya kazi mjini Belfast, Ireland. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mpira mgumu iliyokuwa ikimrusharusha kwenye mawe ya barabarani. Dunlop akafunga mpira wenye upepo kwenye magurudumu, na mwaka 1888 akapata hati ya ubunifu huo. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameshasajili wazo kama hilo mwaka 1845, lakini wakati huo wanunuzi hawakuwepo. Baiskeli ndizo zilizolifanya tairi la upepo kuwa biashara, na miaka michache baadaye magari yakalipokea.

Wakati ule mpira ulitoka mitini, na Afrika ililipa gharama yake. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira wa porini. Waliopungukiwa walipigwa na kuuawa, na wengine walikatwa mikono. Kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira Tanga na Morogoro. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa mwingi na bora zaidi, na mashamba mengi ya huku yakaachwa. Ndugu mkulima wa kahawa au pamba, hadithi hiyo haikuhitaji maelezo yangu.

Gari lilipokutana na udongo wetu

Tarehe 10 Agosti 1907 afisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa maalumu, akikusudia kuvuka bara hadi bahari ya upande wa pili. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Gari lililotakiwa kwenda mbio lilitumia karibu miaka miwili. Kosa halikuwa la injini peke yake. Matairi ya siku zile yalikuwa membamba na uso wake ulikaribia kuwa laini, kwa sababu yalibuniwa kwa barabara za mawe za Ulaya.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliingia nchini mwaka 1916 wakiwa na malori na magari madogo, wakidhani yatabeba chakula na risasi. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917 ziliyazamisha malori njiani, na mbung'o wakamaliza farasi na ng'ombe. Kilichobaki ni mwili wa Mwafrika. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na wale wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 90,000, wengi kwa maradhi na uchovu na si kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kwa midomo yetu likawa Kariakoo. Leo mtu anapanda basi kutoka Tarime kwenda Kariakoo kununua spea na matairi, bila kukumbuka kwamba jina la soko lile ni kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo iliyoyashinda magurudumu.

Trekta lilifundisha tairi kutema tope

Matrekta ya mwanzo yalikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno. Yalishika shambani lakini yaliharibu barabara na kumchosha dereva. Mwaka 1932 huko Marekani, trekta la Allis-Chalmers lilianza kuuzwa likiwa na matairi ya upepo, kwa msukumo wa Harvey Firestone. Hapo wabunifu walijifunza mambo mawili ambayo ndiyo msingi wa kila tairi la tope hadi leo.

La kwanza ni upepo mdogo. Ukipunguza upepo, tairi linalala kidogo na kugusa ardhi kwa eneo kubwa, hivyo uzito unatawanyika. Mtazame bata na mbuzi kwenye tope. Bata ana mguu mpana, anapita juu. Mbuzi ana kwato nyembamba, anazama mpaka akute pagumu.

La pili ni nafasi kati ya kashata. Kashata za trekta ni ndefu, zimepangwa kama herufi V, na pembeni pako wazi. Gurudumu likizunguka tope linasukumwa nje, na kashata inarudi chini ikiwa safi. Tairi la tope ni lile linalotema. Urefu wa kashata bila nafasi ya kutemea haukusaidii, kwa sababu dakika moja baadaye umebaki na tairi laini la udongo.

Theluji si tope

Miaka hiyohiyo nchi za baridi zilikuwa na shida yao. Mwaka 1934 kiwanda kimoja cha Finland kilitoa tairi la lori lililobuniwa kwa ajili ya theluji. Huko walikuta jambo ambalo ni kinyume cha tope: theluji inashikana na theluji, kama watoto wanavyofinyanga donge. Kwa hiyo tairi la theluji linatengenezwa ili libakize theluji kidogo katikati ya kashata, na pia huwa na michirizi mingi myembamba juu ya kila kashata. Halafu mpira wake ni laini kwa makusudi, usikakamae baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7.

Sasa mlete mgeni huyo Mugumu, jua la saa nane mchana, nyuzi 28 au zaidi. Mpira ule laini unalika haraka kama kifutio cha penseli, na kwenye udongo mweusi michirizi inaziba. Kilichokuwa msaada kwenye theluji, yaani kushika na kubakiza, kwenye tope ndicho kinachokuangusha.

Yanafikaje huku? Magari mengi ya mtumba tunayotumia yanatoka Japani. Nchi ile ina mikoa yenye theluji nyingi, na mwaka 1990 ilitunga sheria ya kuzuia matairi ya misumari kwa sababu yalichimba lami na kujaza vumbi mijini. Madereva wakahamia kwenye matairi laini ya baridi yasiyo na misumari, ambayo mara nyingi yameandikwa STUDLESS ubavuni. Gari linapouzwa nje linaweza kuja nayo. Ukiona neno hilo, ujue unauziwa tairi la baridi. Alama ya mlima na theluji inasema tairi limepimwa kwenye theluji, haisemi lolote kuhusu tope. Zipo aina za njia mbovu zenye alama hiyo na ni nzuri, kwa hiyo usikatae kwa alama peke yake. Kagua nafasi kati ya kashata na ulaini wa mpira. Herufi M+S nazo zisikutoshe, kwa kuwa mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kuangalia mchoro wa uso wa tairi.

Mashindano ya Safari na kiwanda cha Arusha

Afrika Mashariki nayo iliwafundisha watengenezaji wa magari na matairi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika msimu wa mvua. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Wenyeji kama Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mara tatu, waliwashinda madereva wa viwanda vya Ulaya kwa sababu walijua kusoma ardhi: wapi tope lina sakafu ngumu chini yake, na wapi halina.

Baada ya uhuru nchi yetu ilitaka kujitegemea hata kwa matairi. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha, ubia wa serikali na kampuni ya Kimarekani, kilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wazima wanakumbuka matairi yale. Mzee mmoja wa Tarime aliyeendesha lori la ushirika aliniambia, "Mura, sisi tulikuwa hatuchagui tairi, tulikuwa tunaomba tupewe." Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ya uchumi ilikuwa ngumu, spea na matairi vikawa adimu, na magendo ya mpakani yakashamiri. Tairi lilitumika mpaka nyuzi zionekane, kisha likakatwa katambuga. Biashara ilipofunguliwa bidhaa za nje zikajaa, na kiwanda cha Arusha kikasimamisha uzalishaji mwaka 2009.

Hapo ndipo tulipo leo. Mzee yule alikosa cha kuchagua, sisi tumezidiwa na uchaguzi. Dukani kuna matairi yaliyobuniwa kwa lami ya Ulaya, theluji ya Japani na jangwa la Uarabuni, yote yamepangwa ukuta mmoja na yote yanasifiwa kwa maneno yaleyale.

Anza na udongo, si na duka

Wilaya zetu mbili zina ardhi za namna tatu, na kila moja ina jibu lake.

*Moja, milima ya Tarime: udongo mwekundu, moramu na mawe.* Hapa adui mkubwa ni jiwe lenye ncha na mteremko unaoteleza. Tope huwa jembamba, chini kuna pagumu. Tafuta tairi la kashata za wastani lenye ubavu mgumu, na usilipanue kupita lile gari lilikuja nalo. Tairi jembamba hukata tope na kufika chini, kama kwato ya mbuzi.

*Mbili, udongo mweusi wa mbuga,* unaoukuta bonde la Mto Mara na sehemu nyingi za Serengeti. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba na kunata kama ugali mbichi. Kashata ziwe ndefu na zenye nafasi pana, pembeni pakiwa wazi. Punguza upepo kabla ya kuingia, usingoje mpaka ukwame. Kama kawaida yako ni 35 kwenye geji na mzigo ni mwepesi, shuka hadi 25. Nenda polepole bila kukata kona kwa nguvu, na ujaze tena ukifika barabara ngumu. Ukikimbia na upepo mdogo tairi linapata moto na kupasuka. Tairi lenye tyubu lisishushwe sana, maana huzunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa kujazia upepo. Ukiwa na mzigo mzito usipunguze upepo. Punguza mzigo.

*Tatu, barabara ya kuchanganya,* lami au moramu nzuri kwa sehemu kubwa, kisha kilomita chache za kijijini. Hii ndiyo ya wengi wenu. Tairi la tope tupu litakuibia mafuta, litalika haraka, na kwenye lami yenye maji litateleza. Chagua la kati na kati, ubebe jembe, mbao mbili na minyororo ya gurudumu. Minyororo ilitengenezwa kwa ajili ya theluji, lakini kwenye tope nayo inafanya kazi, na ukifika pagumu unaifungua.

Kwa pikipiki, pikapu na mkokoteni

Mwenye pikipiki: weka kashata nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kunakosukuma. Mbele weka tairi lenye mistari au kashata ndogo, ili usukani usikimbie. Vijana wengi huweka kashata nyuma na kuacha kipara mbele. Ukiwa na abiria mgonjwa au mama mjamzito, kipara cha mbele ndicho kitakachowaangusha.

Mwenye pikapu: soma ubavu wa tairi. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari wenye herufi DOT. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima na mpira ukawa umezeeka, hivyo likunje kwa mkono uone kama lina nyufa. Kisha tazama namba ya mzigo baada ya saizi: 93 ni kilo 650 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900. Gunia hazijali sifa za muuzaji.

Mwenye mkokoteni: gurudumu lako halisukumi, linavutwa. Kashata hazina faida kubwa kwako. Tairi lililolika usoni lakini zima ubavuni linakutosha na ni rahisi. Likiwa pana ni bora, maana halichimbi njia na ng'ombe hawachoki.

Yule kijana wa mahindi alinirudia mwezi uliopita. Matairi ya theluji ameyauza kwa fundi wa mikokoteni, na amenunua mawili ya kashata za wazi kwa ajili ya nyuma. Jambo alilonifurahisha zaidi ni kwamba amekubaliana na wakulima wake wakusanye mahindi mapema kwenye ghala lililo kando ya moramu, kabla mvua haijafunga njia. Pikapu yake sasa inaingia kwenye udongo mweusi siku za jua tu, na mvua ikinyesha anasubiri njia ikauke. Gunia zake za msimu huu hazijabebwa kichwani na mtu yeyote.

Mwenye swali anikute ofisi ya kata siku za kazi asubuhi, au siku ya mnada. Kama una tairi unaloshuku, njoo nalo, tutasoma ubavu wake pamoja.